E631 Kwao Wapi?

Waheshimiwa Wakuu wa Viwango vya Vyakula,

Nawaandikia nikiwa nimevaa miwani ya mama mkwe, maana yangu imeshindwa kazi.

Mpwa wangu amekuja likizo. Siku hizi hali nyama, samaki, maziwa, mayai, hata asali. Nikaona si neno, nikaenda dukani kwa Mangi, nikachukua tambi za pakiti, zile za dakika tatu. Pakiti ya kijani, imechorwa karoti na hoho, imeandikwa "ladha ya mboga". Nikaigeuza nyuma. Herufi ni ndogo kama mayai ya sisimizi, bila shaka kwa kutuhurumia tusichoke kusoma. Nikaipiga picha kwa simu, nikaikuza. Mstari wa tatu: unga wa kuku.

Nikachukua ya njano, yenye paja la kuku linalofuka moshi. Humo kuku hamna, hata unyoya. Kumbe kwenu mwenye picha hayumo, na aliyemo hana picha.

Nilitaka kulipa, nikamwona bwana mmoja kajibanza humo baada ya chumvi: kiongeza ladha E631. Mwenzake E621 namfahamu, huchachushwa kwa molasi ya miwa au wanga. Huyu wa pili ndiye mwenye mambo. Mjapani Shintaro Kodama aligundua ladha yake mwaka 1913 kwenye samaki mkavu. Siku hizi viwandani anaweza kutoka kwenye wanga wa muhogo, na anaweza pia kutoka kwa samaki au nyama, na namba yake haibadiliki. E471 wa kwenye mkate na biskuti ni vivyo hivyo: leo mawese, kesho mafuta ya mnyama. Kwetu mposaji huulizwa ukoo kabla hajaketi. Nyinyi mmempa namba, mkamkaribisha hadi chunguni.

Nikapiga simu iliyoandikwa kwenye pakiti. Dada mpole akanihakikishia kwamba tambi zao ni halali. Nikamwambia alhamdulillahi, ila kuku wa halali naye ni kuku. Akasema nisubiri kidogo. Nilisikiliza muziki mpaka vocha ikaisha.

Ombi langu ni neno moja tu mbele ya namba: "samaki" au "muhogo". Yote mawili yana herufi 6, kwa hiyo hakuna wa kulalamikia wino.

Naambatanisha pakiti tupu. Kipakiti cha kiungo sijakifungua, huenda mkapenda kumhoji aliyemo. Tambi zenyewe zilikuwa unga wa ngano, mawese na chumvi, basi tulizipika kwa tui la nazi na mchicha, na mpwa akaomba nyongeza.

Mkijibu, tafadhali andikeni kwa herufi kubwa. Mama mkwe anaidai miwani yake.

Wenu mtiifu,
Mlaji