Viatu vya Theluji vya Mlima Elgon

Balaa lilianzia kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo. Mdogo wangu anayeishi Kanada alituma picha: yeye, mkewe na watoto wametabasamu katikati ya msitu mweupe kama unga wa ngano, miguuni wamejifunga vitu vipana mithili ya nyungo. Ndivyo viatu vya theluji, akaeleza. Upana wake humzuia mtu asizame. Ati wametembea saa tatu, hawakuwa wakienda popote, na wamefurahi.

Mama watoto aliitazama picha ile, kisha akanitazama mimi kochini. Nikajua nimekwisha.

"Na sisi tuna msitu," akasema.

Mimi ni mtu wa Bungoma. Kitale nililetwa na kazi, sikufuata baridi. Mji huu uko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai hata jogoo huwika amejikunyata. Sasa mtu atoke blanketini akatafute baridi kubwa zaidi, tena kwa kulipa?

Jumamosi tulijibana sita ndani ya Probox ya kukodi, tukashika barabara ya Endebess hadi lango la Chorlim, la Hifadhi ya Mlima Elgon. Wa sita alikuwa mama yangu, ambaye watoto humwita Kukhu. Hakualikwa. Alisikia tu habari akiwa Chwele, akapanda matatu. Mimi nilivaa gambuti mpya. Yeye alikuja na sandak zake za plastiki, leso, na dharau.

"Nilipokuwa msichana tulipanda mlima huu kwa upande wetu kutafuta kuni," alisema nilipolipa kiingilio. "Hakuna aliyetudai hata senti."

Hifadhi ilitangazwa mwaka 1968, lakini ukimsikiliza Kukhu utadhani ilitangazwa jana, tena bila yeye kuulizwa.

Tulianza kupanda, askari mbele na bunduki yake, mimi nyuma na mizigo yote. Mvua nayo ikajiunga na msafara. Elgon ni volkano iliyozimika zamani, na udongo iliotuachia una upendo wa kupindukia. Kila hatua uling'ang'ania gambuti, ukajazana, ukatanuka, hata nikawa natembea juu ya masinia mawili. Hapo nikamkumbuka mdogo wangu. Tofauti ni kwamba vyake humzuia asizame. Vyangu vilikuwa vizito, vipana, na nilizama vilevile. Juu ya miti, mbega katika makoti yao mazuri ya manyoya walinitazama kama majirani wanaotazama mtu akihamishwa kwa deni la kodi.

Kukhu alikuwa ameshapotea mbele.

Tulimkuta mlangoni mwa pango la Kitum, amekaa juu ya jiwe, hata hahemi. Askari alitueleza kwamba pango linaingia mlimani kama mita 200, na kwamba ndovu huja usiku, wakapapasa njia gizani kwa mikonga, wakachokoa kuta kwa pembe ili wapate chumvi. Watoto walipigwa na butwaa. Mimi nilikuwa na njaa. Nikafungua mkoba, nikagawa mayai ya kuchemsha, kisha nikapekua. Nikapekua tena.

"Chumvi uliambiwa ubebe wewe," mama watoto alisema polepole.

Kwa hiyo tulisimama, watu sita wenye mayai mkononi, ndani ya ghala la chumvi la ndovu. Kitinda mimba akaanza kuusogelea ukuta, ulimi nje.

"Hapana," askari akasema.

Kukhu akafungua fundo la leso yake, akatoa kikaratasi cha chumvi.

"Mwanangu," alisema akininyunyizia, "mimi na ndovu tunajua tulichofuata huku. Wewe je?"

Jioni mama watoto alituma picha yangu kwenye kundi, nimesimama juu ya matope yangu. Kanada ikajibu papo hapo: "Kaka, viatu hivyo ni bei gani?"