Sifa za Mdoezi

Mdoezi, yaani mtu afikaye sahani zikitengwa na kutoweka majembe yakigawiwa, hajapata mshairi wa kumtukuza, ilhali katika mwili wa kila mkazi wa Majengo, mjini Mpanda, yumo mdoezi anayestahili kigoda: nakala ya ziada ya jeni. Jeni ni agizo linaloielekeza seli itengeneze protini gani, na zama za kale baadhi ya maagizo hayo yalinakiliwa mara mbili kwa kosa, likabaki kosa lenye heri. Nakala hiyo hukaa kama spea iliyofungwa chini ya lori la mahindi liendalo Tabora, ambayo hula vumbi safari nzima bila kubeba hata gunia, mpaka tairi lipasuke.

Ushahidi wake umo katika himoglobini, protini ya damu ibebayo oksijeni, iliyoundwa kwa minyororo ya alfa na beta. Jeni ya alfa ni pacha katika kromosomu ya 16, na kwa kuwa kila mtu hurithi kromosomu moja kwa baba na nyingine kwa mama, jumla huwa nne: apotezaye moja hana habari, apotezaye mbili hupungukiwa damu kidogo, na balaa huanzia kwenye tatu. Beta, mchapakazi asiyependa wageni, hana pacha wa kutegemewa, ndiyo maana herufi moja tu ikikosewa katika nakala zote mbili, ya baba na ya mama, mtoto huugua selimundu. Hata hapo anayepunguza makali ni jamaa wa ukoo uleule, gama, mstaafu aliyehudumu tumboni mwa mama, ambaye dawa ya haidroksiyurea humrudisha kazini.

Wabaya wake husema kwamba mapacha wa alfa, kwa kufanana mno, huzichanganya kromosomu zinapopangana, na kipande cha herufi zipatazo 3,700 hudondoka pamoja na jeni moja. Ni kweli, lakini utafiti wa Kilifi, Kenya, ulionyesha kuwa watoto waliopungukiwa jeni za alfa hawapatwi sana na malaria kali, kwa hiyo mdoezi huyu hufaa akiwapo na hufaa akiondoka. Utafiti uliotolewa huko mwaka 2005 uliongeza kwamba mtoto aliyerithi upungufu huo pamoja na nakala moja ya selimundu, ambayo nayo peke yake hukinga malaria, hupoteza kinga zote mbili, habari ambayo watunga sifa hupendelea isomwe kwa sauti ya chini.