Jinsi ya Kuwa Mwanatriathloni Kabla Kiangazi Hakijaisha

Masika yakishakata na Juni kuingia, Dar es Salaam hupoa kidogo, na mtu mwenye kazi ya kukaa kitini huanza kupata mawazo. Moja ya mawazo hayo ni Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, ambako tangu Agosti 2022 kumekuwa na mashindano ya Ironman 70.3: unaogelea kilometa 1.9, unaendesha baiskeli kilometa 90, kisha unakimbia kilometa 21.1, vyote siku moja bila kulala katikati. Ikiwa wazo hilo limekushika, mwongozo huu ni wako.

Anza kwa kutangaza. Mazoezi yanaweza kungoja, tangazo haliwezi. Liweke kwenye kundi la ukoo, na picha ya ziwa juu yake. Shangazi atauliza, "Kwani huko wanakulipa kiasi gani, mwanangu?" Usimjibu. Ukimwambia kwamba wewe ndiye uliyelipa, tena mamia ya dola, ataitisha kikao.

Ili uonekane unajua unalozungumza, shika historia kidogo. Ironman ya kwanza ilifanyika Hawaii, Februari 1978, baada ya ubishi wa wakimbiaji na waogeleaji juu ya nani mwenye pumzi zaidi. Afisa mmoja wa jeshi la wanamaji la Marekani, John Collins, akapendekeza mbio tatu za kisiwani ziunganishwe ziwe moja. Wakaanza watu 15, wakamaliza 12. John Dunbar, aliyeshika nafasi ya pili, aliishiwa maji njiani na wapambe wake wakamnywesha bia. Habari hii itakufaa sana siku utakayokutwa umekaa mahali jioni baada ya mazoezi.

Sasa nunua vitu. Baiskeli ya mbio inaweza kukugharimu kuliko bodaboda mpya, na fundi wa mtaani ataizunguka mara mbili akitafuta keria, kengele, madigadi na stendi, kisha atakuuliza kwa upole kama uliibiwa. Nunua pia saa inayohesabu mapigo ya moyo. Saa hiyo ndiyo itakayokwambia asubuhi kwamba hukulala vizuri, jambo ambalo mama watoto amekuwa akikueleza bure kwa miaka.

Dar ni tambarare na Rubavu ni vilima, kwa hiyo siku ya Jumamosi nenda ukatafute milima ya Pugu, njia ya Kisarawe. Ukiwa umeinama juu ya usukani, miwani usoni, utasikia mnyororo mkavu unalia nyuma yako. Ni muuza mkaa, kwenye Phoenix isiyo na gia, magunia yamefungwa mpaka usawa wa kichwa chake. Atakusalimu. Atakupita. Usijaribu kumfuata, jiambie kwamba wewe uko kwenye mazoezi mepesi ya kujenga pumzi, na kwamba yeye hana saa, kwa hiyo kisheria mwendo wake haupo. (Ukifika Rubavu usivuke kwenda Goma kutafuta faraja. Huko wamemjengea sanamu msukuma chukudu, yule wa gari la mti lenye magurudumu mawili, na chukudu nayo haina gia.)

Kanuni inakutaka ukae mita 12 nyuma ya baiskeli iliyo mbele yako ili usijifiche upepo mgongoni mwa mwenzako. Hili ni gumu kulifanyia mazoezi kwenye jiji ambalo bajaji iko shubiri moja kutoka gurudumu lako la nyuma. Lakini usikate tamaa, kwa sababu upepo wenyewe unaweza kukufaa. Kusi huvuma kutoka kusini miezi hii yote. Panda baiskeli alfajiri, elekea kaskazini hadi Bagamoyo ukisukumwa mgongoni, izime saa hapo hapo mjini, piga picha ya namba, kisha urudi kwa basi na baiskeli juu ya keria. Ukifanya hivyo kila wiki, maendeleo yako yatawashangaza wote wasiojua upepo unatokea wapi.

Kukimbia hakuna mengi ya kufundishwa, isipokuwa kwamba ukishuka kwenye baiskeli miguu uliyo nayo ni ya kuazima. Njia ya kuizoea ni kuteremka na kuanza kukimbia papo hapo, hata kama ni kuzunguka mtaa wako mara tano. Mlinzi wa getini atadhani unafukuzwa. Raundi ya kwanza atachungulia aone nani anakufuata. Raundi ya tatu atakuwa anakuhurumia tu.

Kuhusu chakula, wataalamu husema mwili kwenye mbio ndefu unahitaji gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa. Wenzako watakushauri ununue vifuko vya jeli kutoka nje. Tende kumi hivi zinakaribia gramu hizo 60 na zinauzwa Kariakoo, ila tatizo la tende ni kwamba hakuna anayekuuliza umezipata wapi.

Hapa niseme jambo moja bila utani, maana nimeona watu wazima wakilia kwa ajili yake. Kati ya maji na baiskeli, na kati ya baiskeli na mbio, kuna eneo la kubadilishia, na saa ya mashindano haisimami ukiwa humo. Mtu ameuza kiwanja akanunua magurudumu yanayomwokolea sekunde kadhaa, halafu anapoteza dakika nne akitafuta soksi ya kushoto chini ya taulo la jirani. Kofia ngumu nayo lazima iwe imefungwa kidevuni kabla hujaiondoa baiskeli mahali pake. Ukisahau, unaadhibiwa, hata kama umesimama tu. Yafanyie mazoezi haya uani, watoto wakihesabu kwa sauti. Hayana gharama, na labda ndiyo sababu hakuna anayeyafanya.

Matokeo nayo yana ufundi wake. Washindani hupangwa kwa jinsia na kwa rika, miaka mitano mitano, na huko uzeeni, kadiri rika linavyokuwa kubwa ndivyo watu wanavyopungua. Kuwa na subira. Ukiendelea kulipa ada na kuwazika wenzako, siku moja utashika nafasi ya tatu, na hakuna sheria inayokulazimisha kutaja mlikuwa wangapi.

Habari ya kuogelea nimeiacha mwisho kwa sababu najua nawe umeiacha mwisho. Uliona kwamba bahari ipo Coco Beach, haihami. Inahama. Bamvua la Dar hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, na ukifika saa ambayo maji yamekupwa, utatembea juu ya mwani na mawe, na kofia yako ya mpira kichwani, ukimpita mtu anayetafuta pweza, mpaka maji yakufike magotini. Ukija yamejaa, kusi hiyo hiyo iliyokupeleka Bagamoyo inakupiga mawimbi ya kinywani. Suti ya mpira uliyoagiza haina kazi hapa: maji ya Julai yana nyuzi 25 hivi, na kanuni zenyewe huiwekea mipaka maji yanapokuwa ya moto. Soma jedwali la maji kama wavuvi, ingia wakati wa maji mafu, na usiingie peke yako. Bwawani ulijifunza kufuata mstari wa chini. Baharini hakuna mstari, kwa hiyo inua macho kila baada ya mapigo machache ya mikono, la sivyo utakuwa unaogelea kwa nguvu zote kuelekea Zanzibar.

Vifo vingi vya mchezo huu hutokea majini, na mara nyingi si kwa mtu asiyejua kuogelea kabisa, kwa hiyo usione aibu kusimama. Kifua kikikubana, lala chali, inua mkono, ushike mtumbwi wa waokoaji upumzike kadiri unavyotaka. Kanuni zinaruhusu, mradi mtumbwi usikusogeze mbele. Kwenye karatasi ya matokeo hakuna safu ya walioshika mtumbwi.