Ukija Ujiji na Kitabu Kipya

Umeandika kitabu, hongera. Sasa unataka kuja Ujiji kutueleza kilizaliwaje, na umefanya vyema, kwa sababu mji huu umeandikwa sana na kuulizwa kidogo. Fuata mwongozo huu hatua kwa hatua, usiruke.

Kabla ya kutazama kalenda, tazama mwezi. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wako ziwani na taa zao. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa unazidiwa, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wanabaki nchi kavu. Ukizindua kitabu usiku wa giza utazungumza na maofisa na wanafunzi walioletwa na mwalimu wao. Ukizindua wakati wa mbalamwezi utawapata watu wanaolijua ziwa, na kama kitabu chako kina hata mtumbwi mmoja, watakuuliza ulikuwa wa mti gani na upepo ulikuwa unatoka wapi. Washukuru. Hakuna mhariri atakayekusoma kwa makini namna hiyo.

Mgeni rasmi mwalike, mkalishe mbele, mpe soda ya baridi. Kisha mwombe asome ukurasa mmoja wa kitabu kwa sauti badala ya kutoa hotuba. Akikubali, atapigiwa makofi ya kweli. Akikataa, umeokoa nusu saa na migebuka haijapoa.

Sasa tufike kwenye kiini, na hapa nakuomba uvute mkeka karibu. Usikizungumzie kitabu mbali na watu waliomo ndani yake. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858. Walitaka kujua kama mto Rusizi, kule kaskazini, unatoka ziwani au unaingia, kwa kuwa ukitoka huenda ndio Nile. Wakapiga makasia hadi Uvira, na huko wenyeji wakawaambia: unaingia. Burton alichapisha kitabu chake mwaka 1860, Speke naye akatoa chake mwaka 1863, na ugomvi wao juu ya chanzo cha Nile ukawa mkubwa hata wakapangiwa mjadala wa hadhara mjini Bath, Uingereza, Septemba 1864. Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe siku moja kabla ya mjadala. Burton akadai mwaka huohuo kwamba ziwa hili linalisha Nile. Novemba 1871 Livingstone na Stanley wakaenda kutazama kwa macho yao. Rusizi unaingia. Ubishi huo wote wa miaka 13 ungeweza kumalizwa na mvuvi mmoja wa Uvira, kama pangekuwa na mtu wa kumwamini.

Kwa hiyo hatua inayofuata ni kumwamini. Mvuvi akinyoosha mkono kusema sura yako ya tatu ina kosa, usimjibu kwamba ni hadithi tu. Toa kalamu, andika.

Stanley naye ana somo lake. Kitabu chake cha jinsi alivyompata Livingstone hapa Ujiji kilitoka mwaka 1872, na Agosti mwaka huo alisimama Brighton mbele ya wataalamu wa jiografia. Walimdharau, wakamwambia wanataka jiografia, hawataki visa vya kusisimua. Alikasirika sana. Miongoni mwa mambo aliyoyatetea ni wazo la Livingstone kwamba mto Lualaba ndio Nile. Miaka 5 baadaye Stanley mwenyewe aliufuata Lualaba hadi baharini, na kumbe ni Kongo. Namheshimu kwa safari hiyo kuliko kwa kitabu cha kwanza: alikwenda kutazama, na jibu lililomkanusha akalichapisha.

Lakini usichane shajara yako. Kurasa ambazo Stanley alipaswa kuwa ameziandika siku ya kukutana na Livingstone zimenyofolewa, na salamu iliyompa umaarufu duniani imebaki bila ushahidi wa siku ile. Livingstone, kinyume chake, aliishiwa karatasi huko Manyema mwaka 1871 akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa matunda. Humo aliandika mauaji ya sokoni Nyangwe aliyoyashuhudia Julai mwaka ule. Maandishi yale yalififia hadi yakasomeka tena mwaka 2011 kwa picha za mwanga maalumu, na ikaonekana kwamba aliyoyaandika palepale hayalingani kabisa na yaliyochapishwa. Ukija kwetu, njoo na daftari la kwanza lenye makosa na mafuta ya mawese. Tuonyeshe ulichofuta, utuambie kwa nini. Mimi ningelipa nauli kuusikia mjadala huo.

Ukiwa unaandika juu ya pembe na watumwa, punguza mbwembwe. Ujiji ilikuwa soko la vyote viwili, na familia nyingi za hapa zina asili ya Manyema, ng'ambo ya ziwa. Kwa baadhi ya waliokaa mbele yako hayo ni maisha ya bibi wa bibi yao. Wape nafasi waseme kwanza.

Zungumza Kiswahili, na kama kitabu si cha Kiswahili, mlete mfasiri na mkae kiti kimoja kando ya kingine. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, yenye msafara wa wafanyabiashara kutoka pwani kwenda bara, ilitufikia kwa jina la Peponi mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Tuzo ya Nobel, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Miaka 28 ni mingi mno kwa hadithi iliyopita njia zetu. Na njia hizo zilikwishaandikwa kwa Kiswahili zamani: Selemani bin Mwenye Chande alisimulia safari yake ya bara, nayo ikachapishwa Ujerumani mwaka 1901. Mtaje. Wapo watakaosikia jina lake kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwako.

Mwisho, ukurasa wa shukrani. Usome hadharani, wote. Mwaka 1874 Chuma na Susi, baada ya kuubeba mwili wa Livingstone hadi pwani, walipelekwa Uingereza wakakaa na Horace Waller, mhariri wa shajara za marehemu, wakimfafanulia. Shajara zikatoka mwaka uleule, na majina yao yamo kwenye ukurasa wa kwanza, ila yametangulizwa na neno watumishi. Walikuwa wanaijua safari ile kuliko mhariri huyo. Wewe una nafasi ya kufanya vizuri zaidi. Aliyekuongoza, aliyekupikia, aliyekuvusha, aliyekusahihisha usiku wa uzinduzi: wataje kwa kazi zao. Mpe kila mmoja nakala bila kumtoza. Toleo la pili likiwa na sahihisho la yule mvuvi, weka jina lake kando ya sahihisho hilo, na kabla ya kupeleka kiwandani mpigie simu umuulize linaandikwaje.