Sifa za Makato

Wasemaji wamezoea kuvisifu vitu visivyohitaji sifa, kama mvua ya masika, sura ya bibi arusi na ukarimu wa matajiri, hali makato ya akaunti ya akiba, ambayo hutuhudumia mwaka mzima pasipo kudai shukrani, hayajapata kutajwa ila kwa lawama na manung'uniko. Dhuluma hiyo imedumu kiasi cha kutosha, na leo, kwa idhini ya wasomaji, nakusudia kuiondoa.

Fadhila ya kwanza ya makato ni uaminifu. Mkulima wa Kwamsisi, huku Uziguani, akishauza mahindi yake, jamaa na masahibu humzunguka. Fedha zikipungua nao hupungua, na ufikapo wakati wa palizi hana hata mtu wa kumjulia hali. Makato peke yake hayamkimbii. Awe na laki tano au elfu saba, mwisho wa mwezi yatamfikia, yakifuatana na ujumbe wa simu wenye adabu ya kumwita "ndugu mteja". Mgeni wa kawaida siku ya tatu hupewa jembe. Mgeni huyu wa benki hula miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyethubutu kumwonyesha shamba.

Fadhila ya pili ni ya dini, nami nastaajabu kuwa haijapata kuhubiriwa mimbarini. Uziguani, kama pwani yote, wamo waumini wengi waiogopao riba. Ni watu wa namna hiyo waliofurahi mwaka 2011 ilipofunguliwa Amana Bank, benki ya kwanza nchini Tanzania kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu. Lakini mwenye akaunti ya kawaida naye asihangaike. Tuseme ameweka shilingi 200,000, na benki imemwahidi faida ya asilimia 3 kwa mwaka, yaani shilingi 6,000. Serikali huzuia asilimia 10 ya faida hiyo kuwa kodi, zikabaki 5,400. Ikiwa gharama ya kuendesha akaunti ni shilingi 1,000 kwa mwezi, kwa mwaka zitatoka 12,000; basi riba yote imefutika, haramu haikupata hata upenyo, na juu ya hayo mja ametoa shilingi 6,600 za mtaji wake mwenyewe kwa ajili ya watu asiowajua, sadaka ipitayo zote kwa usiri, kwa kuwa mkono wa kushoto haukuwa na habari, wala wa kulia.

Wahenga walisema akiba haiozi, na walisema kweli: haiozi, hupungua ikiwa mbichi.

Tena makato ni mwalimu. Mzee ambaye hakupata kuketi darasani hujifunza kwayo kwamba kutoa kuna bei, kuhamisha kuna bei, na mahali pengi hata kuuliza salio kuna bei. Hujifunza pia kwamba makato yenyewe nayo hubebeshwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 pamoja na Kodi ya Ongezeko la Thamani. Darasa hilo hufanyika dukani kwa wakala, baina ya debe la mafuta ya taa na katoni ya sabuni, ambako kimashine hutema kipande cha karatasi laini ambacho wino wake hufifia kabla ya msimu kugeuka, ili mwanafunzi asiwe na pa kuangalizia majibu.

Nisisahau staha yake. Julai 2021 serikali ilipoweka tozo ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa kila muamala wa kutuma au kutoa pesa kwa simu, nchi nzima ilipiga kelele, hata ilipofika Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Makato ya benki yana hekima kuliko tozo ile: hayajitangazi kwa kishindo, huchukua mia mbili hapa na elfu moja pale, na aghalabu mwenye mali hugundua siku ile alipofuata ada ya mtoto akaambiwa kwamba kilichobaki ni kile kiwango cha chini kisichoruhusiwa kutolewa.

Wapo watakaoniuliza juu ya njia nyingine za kuweka akiba. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1982, mabenki yaliruhusiwa kufungua akaunti ya soko la fedha, ambayo faida yake aghalabu hupanda kwa kadiri ya salio, na mwenye akaunti wakati huo akawekewa mpaka wa idadi ya hawala na hundi kwa mwezi. Kwetu jamaa yake wa karibu ni Mfuko wa Ukwasi wa UTT, yaani mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ulioanza mwaka 2013. Lakini kwa kuwa mfuko huo hautozi anayeingia wala anayetoka, sioni kwa sababu gani niupe nafasi katika insha ya heshima kama hii.

Msomaji wa Kwamsisi utakayefunga safari ya mjini, Chanika au Korogwe, kwenda kufungua akaunti, nakuomba kabla ya kutia sahihi udai orodha ya tozo, ambayo Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zimekupa haki ya kuelezwa. Isome yote, pamoja na yale maandishi madogo ya chini. Kwa kuisoma hukatwi kitu.