Sifa za Filta Iliyong'ang'ania

Washairi wameusifu mwezi, wameisifu jahazi, wamelisifu jicho la mpenzi mpaka limechoka. Filta ya kamera iliyokwama kwenye lenzi haijapata hata ubeti mmoja. Mimi si mshairi, ni mpiga picha wa harusi, lakini deni ni deni, na leo nalilipa.

Nianze na uaminifu wake. Katika kazi hii nimeshatorokwa na vifuniko sita vya lenzi. Kimoja kilizama Forodhani wakati nikiwapiga picha vijana wanaorukia baharini, kimoja kilishuka kwenye daladala kituo kimoja kabla yangu, na vingine viliondoka bila kuaga. Betri huniacha katikati ya hotuba ya baba wa bibi harusi. Filta haijawahi kuniacha. Ukiifunga Jumamosi asubuhi, Jumapili usiku ipo palepale, na hata ukiisihi iondoke haiondoki.

Uaminifu huo una hesabu yake. Thredi za filta nyingi hupanda milimita 0.75 kwa mzunguko mmoja. Kwenye filta ya milimita 77, maana yake ni kwamba unatembea kama milimita 240 kuuzunguka ukingo, na mwisho wa safari umepanda kimo kisichofika hata milimita moja. Kilima cha namna hiyo ni kama uwanja. Aliyekipanda hana sababu ya kuporomoka. Tia chumvi ya upepo wa kusi, tia chembe mbili za mchanga wa Paje, kisha kumbuka kwamba ringi kwa kawaida ni ya alumini na mara nyingi imefungwa kwenye alumini mwenzake, metali mbili laini zinazopenda kuumana. Hapo ndoa imeshafungwa. Wauzaji watakwambia ringi ya shaba ya njano haikwami upesi, na ni kweli. Ila ni nani anayelipa pesa zaidi ili apate mwenzi anayeondoka kirahisi?

Yangu ilikwama Paje kwenyewe, harusini, na ilikuwa polaraiza, filta ya kuzima mng'aro. Mchana ilifanya kazi kama malaika. Niliizungusha kidogo ringi yake ya mbele, mng'aro juu ya maji ukafutika, mwamba wa chini ukaonekana, mbingu ikaiva buluu. Kisha jua likazama. Polaraiza hula mwanga. Hubakiza theluthi, pengine robo tu, na ukumbi wenyewe ulikuwa na taa za rangi na jenereta lenye kikohozi. Lenzi ya pili nilikuwa nimeiacha mjini, kwa sababu ambazo asubuhi zilionekana za busara.

Hata gizani ilionyesha adabu. Iliupunguza mng'ao wa jasho kwenye nyuso za wajomba, lakini dhahabu ya bibi harusi ikaiacha inawaka, maana mng'aro wa metali hauzimwi na polaraiza. Ni vifaa vichache vinavyojua kutofautisha jasho na mahari.

Lakini kipaji chake kikubwa ni kukusanya wanaume. Nilijaribu kuifungua mara mbili tu pembeni ya jukwaa, na tayari walishafika watano, kila mmoja akikunja mikono ya kanzu. Sasa, ringi ya filta ni nyembamba. Ukiibana kwa vidole viwili, duara linageuka yai, na yai halizunguki ndani ya duara. Kadiri unavyotia nguvu ndivyo unavyoikaza. Kaka wa bwana harusi alikuwa na bahati zaidi: alishika ringi ya mbele, ambayo kwenye polaraiza imetengenezwa izunguke bure maisha yake yote, akaizungusha dakika tano nzima huku akitutangazia kwamba inalegea. Fundi wa muziki alileta plaizi, nikaificha kamera chini ya meza. Mwingine akashauri friji. Huyo alikuwa na hoja, kwa sababu metali hunywea kwa baridi, ila friji ilijaa soda, na lenzi iliyotoka kwenye ubaridi ikakutana na joto la Unguja hujaa umande.

Nieleze hapa, kwa faida ya wenye filta za kawaida zisizo na ringi ya kuzunguka, kwamba dawa yao ipo miguuni. Vua kandambili, ilaze lenzi kifudifudi juu ya soli, kandamiza taratibu, zungusha. Mpira hushika ukingo wote kwa pamoja, basi duara linabaki duara. Nimeona kandambili ikimaliza kazi iliyowashinda mafundi wawili wenye vifaa. Polaraiza haitaki kandambili. Ina hadhi yake.

Bi mkubwa mmoja aliyekuwa akisimamia masufuria ya pilau alikuja kuuliza kwa nini wapishi hawajapigwa picha. Nikamwonyesha sababu. Akaitazama kamera, akawatazama wanaume mmoja mmoja.

"Mwanangu, mnaikaba," akasema. "Nani kakwambia mtu hufunguka akikabwa?"

Akafungua mfuko wa bizari aliokuwa nao mkononi, akavua kimpira kilichoufunga, akanipa. Nilikivisha kwenye ringi ya nyuma, ile nyembamba iliyoshikana na lenzi, nikaweka vidole vyote vitano kuizunguka bila kubana, kama ninavyoshika glasi ya chai ya moto, nikazungusha. Ikatoka. Haikulia, haikukwaruza, ilitoka kama iliyokuwa ikingoja kuombwa vizuri. Wanaume watano wakakumbuka kwamba wana kazi nyingine.

Nilikuwa bado nimeiinua filta kwenye mwanga, naipuliza mchanga, bi mkubwa akaninyooshea kiganja. Nikadhani naye anataka kuitazama, nikamwekea filta mkononi kwa heshima zote. Akanirudishia bila kuiangalia. Alikuwa anataka kimpira chake; bizari ilikuwa inamwagika.