Mhadhara wa Mtowisa Kuhusu Kipimo cha Utangamano, kwa Faida ya Bara Zima

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mtendaji wa Kata, wazee wangu shikamooni, mama zangu, na ninyi vijana mlioegesha bodaboda kwenye kivuli nilichotengewa mimi: itifaki imezingatiwa. Mgeni rasmi wa leo ni mimi. Mtoa mada ni mimi. Aliyepangwa kutoa neno la shukrani kwa mtoa mada amepata udhuru, kwa hiyo muda ukifika nitalitoa mwenyewe, na naahidi litakuwa refu.

Nimeteremka kutoka Sumbawanga, kwenye baridi ya kistaarabu, nikazimaliza kona za Lyamba lya Mfipa hadi kwenye joto hili la bondeni, kwa sababu Afrika imeshindwa kujipima. Inajumuika, inatengana, inasaini, inaahirisha, na haijui imefika wapi. Mimi najua. Sifa zangu sitazitaja, ila itoshe kusema nimehudhuria semina za utangamano zenye chai ya asubuhi, na nyingine zenye chai ya asubuhi na ya jioni. Vitambulisho vya kuvaa shingoni ninavyo vya kutosha kufungia mbuzi wa kitongoji kizima.

Tuanze na kipimo cha watu wavivu. Unachukua biashara ambayo nchi za jumuiya zinafanya zenyewe kwa zenyewe, unaigawa kwa biashara yao yote na dunia, unapata asilimia. Ulaya inapata zaidi ya nusu. Jumuiya ya Afrika Mashariki inapata kama asilimia 15, ukumbi mzima unatikisa kichwa kwa masikitiko, halafu wanakwenda kula.

Sikilizeni nilichogundua. Kitu ambacho Tanzania inauza nje kwa fedha nyingi kuliko vingine ni dhahabu. Bei ya dhahabu ikipanda London, biashara yetu na walimwengu inavimba, na fungu la jirani ndani ya hesabu linasinyaa. Mchele uliotoka bonde hili kwenda Kenya haukupungua hata punje. Lori ni lile lile, dereva ni yule yule, mgongo unamuuma vile vile. Lakini kwenye jedwali utangamano umeporomoka, na mtaalamu fulani anaandika ripoti ya kurasa 80 kueleza kwa nini majirani hawapendani. Nilipoligundua hilo nilikuwa peke yangu chumbani, nikasimama nikajipigia makofi.

Si hilo tu. Mwaka 2022 Kongo ilisaini kuingia Jumuiya mwezi Aprili, na Julai ikawa mwanachama kamili. Dagaa waliokuwa wakivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kirando kwenda Moba walilala wakiwa biashara ya nje ya Jumuiya, wakaamka wakiwa biashara ya ndani. Hawakuambiwa. Aliyewakaanga hakuambiwa. Asilimia ikapanda bila mtu yeyote kupiga kasia moja zaidi. Mwaka 2024 ikafuata Somalia. Ndiyo maana mkulima wa Mtowisa leo yumo katika jumuiya moja na Mogadishu, ambako hajui hata wanavyosalimiana, na hayumo jumuiya hiyo na Mbala ya Zambia, ambako pengine shangazi yake ameolewa.

Shusheni mikono. Najua. Sisi na Zambia wote tumo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na eneo huru la biashara la SADC lilizinduliwa mwaka 2008. Zambia imo COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, nasi tuliihama COMESA mwaka 2000. Mwaka 2015 waheshimiwa walikutana Sharm el-Sheikh, huko Misri, wakasaini mkataba wa kuziunganisha COMESA, SADC na Afrika Mashariki ziwe eneo moja. Ukaanza kutumika Julai 2024. Mtoto aliyezaliwa Mtowisa wiki ya kutia saini alishaanza kusoma, kuandika na kukwepa kuchota maji.

Sasa tuingie kwenye sayansi yenyewe. Mholanzi mmoja aitwaye Jan Tinbergen, ambaye mwaka 1969 alikuwa miongoni mwa watu wawili wa kwanza kupewa tuzo ya Nobel ya uchumi, alisema mwaka 1962 kwamba biashara ya nchi mbili hufuata mvuto kama wa sayari: uchumi mkubwa unavuta, umbali unapunguza. Ukipata makadirio yake, unalinganisha na biashara iliyopo. Ikizidi makadirio, nchi hizo zimeungana. Ikipungua, kuna kitu kimeziba njia. Kanuni safi. Ila, kwa heshima zote, Uholanzi ni nchi tambarare. Yule mzee hakuwahi kuteremka mlima wa Ufipa masika akiwa juu ya magunia ya mpunga. Umbali kwake ni kilomita. Kwetu umbali ni kilomita, jumlisha tope, jumlisha mizani, jumlisha vizuizi, jumlisha yule kijana mwenye kamba barabarani anayeshusha kamba pale tu unapotoa kitu. Nimeirekebisha kanuni hiyo. Marekebisho yangu yana kurasa 3 na hayajajibiwa na chuo chochote.

Na ushuru. Hapa watu wa Mtowisa kaeni vizuri, maana ni mchele wenu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru mmoja kwa bidhaa zitokazo nje yake. Kuanzia Julai 2022 viwango vya kawaida ni vinne: sifuri, 10, 25 na 35. Mchele umewekwa pembeni kwenye orodha ya bidhaa nyeti, asilimia 75, ili wa Pakistani usiuzamishe wa kwenu. Vizuri sana, makofi. Lakini Kenya imekuwa ikiomba ruhusa ya kutoza 35 badala ya 75, na ikipewa. Nchi nyingine nazo zinaomba za kwao, sisi tukiwemo, kwa bidhaa nyingine. Kila mwaka wa fedha gazeti rasmi la Jumuiya linatoka na misururu ya ruhusa. Kwa hiyo mimi nasema: acheni kuhesabu mikataba, hesabuni ruhusa za kutoifuata. Ushuru wa pamoja wenye vighairi mia si wa pamoja. Hili ndilo jambo la maana kuliko yote nitakayosema leo, na naona mzee wa mstari wa mbele amesinzia.

Kuna mama ameomba kuuliza. Mama, kwa ufupi.

Anasema: "Mwanangu, mimi napandisha mchele Sumbawanga. Namwuzia mtu. Yule mtu anampa mwingine wa Matai, yule wa Matai anaupitisha kwa Wazambia pale Kasesya. Mimi mpaka sijawahi kuuona. Huo mchele wangu umeandikwa wapi?"

Swali zuri, mama, ingawa halikuwa kwenye ratiba. Kitaalamu, mchele wako mpaka Sumbawanga ni biashara ya ndani. Ukivuka kwa kibali, ni mauzo ya nje, na jina lililoandikwa ni la yule wa mwisho. Ukivuka kwa njia za panya, hauko popote. Kwenye mizania ya malipo ya nchi, chini kabisa, kuna mstari wa makosa na mapungufu. Mama, kitaifa wewe uko pale. Usinune, ni mstari mkubwa, mabilioni mengi yanalala humo.

Waganda ndio waliotutia aibu katika hili. Tangu miaka ya 2000 ofisi yao ya takwimu na benki kuu yao huwaweka watu mipakani, wanakaa na daftari na kuhesabu kila kinachopita: baiskeli, kichwa chenye ndizi, mkokoteni, mtu mwenye kuku wawili kwapani. Wakaona kwamba kwa majirani fulani hicho kisicho rasmi ni kikubwa mno kuweza kupuuzwa. Nimependekeza sisi tufanye hivyo Kasesya. Nimependekeza pia niwe mimi msimamizi, nikae kwenye kiti chenye mto.

Sasa bei. Ninyi wakulima hamhitaji asilimia, mnahitaji bei, na hapo hata maprofesa halisi wanakubaliana nasi. Masoko mawili yakiwa moja, bei ya mahindi Sumbawanga na bei ya Mbala hutofautiana kwa gharama ya kusafirisha tu. Ikipanda kule, haipiti wiki inapanda huku. Ikikataa kupanda, kuna mtu amekalia mlango. Na mlango wetu umekaliwa mara nyingi. Mwaka 2011 mahindi yalizuiwa kutoka nchini, na mwaka 2017 yakazuiwa tena. Rukwa, mkoa uliohesabiwa tangu zamani miongoni mwa mikoa minne ya kulisha taifa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ukabaki na magunia yake na bei ya kulilia. Hakuna mkataba uliofutwa. Hakuna jumuiya iliyovunjwa. Nchi zote ziliendelea kuhudhuria vikao na kupongezana.

Kazi hii niliifanya mwenyewe kwa simu. Nikauliza bei ya gunia huku, nikauliza bei ya gunia upande wa Zambia, na tofauti niliyoipata ilinitoa machozi: huku karibu mara mbili ya kule! Nikaandika: soko limepasuka. Kijana wa bodaboda hapa ananiambia, "Profesa, samahani, gunia la kule ni la kilo 50." Kijana, kaa chini. Gunia ni gunia. Tena ukitaka kuingia kwenye kilo, utanieleza nini kuhusu lumbesa? Wakala wa Vipimo wamesema gunia lisizidi kilo 100, na bado mchana kweupe tunaona magunia yaliyovishwa kilemba na kushonwa kamba, ambayo uzito wake anaujua Mungu na mpakiaji. Katika mazingira hayo takwimu zangu ni sahihi kuliko gunia lenyewe.

Niseme kidogo kuhusu taa. Kwa miaka mingi, gridi ya Taifa ilipokuwa haijafika mkoa huu, Sumbawanga iliwashwa kwa umeme ulionunuliwa Zambia. Katibu tarafa aliyeandika barua ya kuzuia mahindi yasiende Zambia aliiandika chini ya taa ya Zambia. Kisha ukaja mwaka 2024: ukame ukaikumba Zambia, Rais Hichilema akautangaza janga la taifa mwezi Februari, mabwawa yakashuka, giza likaingia Lusaka, na mahindi yakakauka mashambani. Serikali zetu mbili zikasaini Tanzania iwauzie tani 650,000. Mahindi yale yale. Siku hiyo hakuna aliyesema chakula kisivuke. Kipimo kingine hicho, na nakitoa bure: angalia kama mlango unafunguliwa kwa mkulima anapopata ziada, au unangoja jirani apate njaa.

Wenye kudhani utangamano uliletwa na semina niwarudishe nyuma kidogo. Kusini mwa Ziwa Rukwa letu hili, kule Ivuna, watu walikuwa wakichemsha chumvi mamia ya miaka iliyopita na kuifanyia biashara. Humu bondeni walifuma nguo za pamba. Juu Ufipa waliyeyusha chuma kwenye matanuri marefu kuliko mtu, na majembe yakatembea. Wamambwe na Walungu walikuwa huku na huku kabla Mwingereza na Mjerumani hawajachora mstari katikati yao. Na tusisahau kwamba tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna hiyo hiyo, kikitoka anga za mbali, bila cheti cha uasilia wala kibali cha afya ya mimea. Hadi leo wanasayansi wa dunia wanakililia. Huo ndio uingizaji bidhaa uliofanikiwa kuliko wote katika historia ya Bonde la Rukwa.

Nakuja kwenye kilele. Umoja wa Afrika, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika walitoa mwaka 2016 kipimo chao cha utangamano chenye nguzo tano: biashara, uzalishaji, uchumi mpana, miundombinu, na watu kusafiri. Alama kutoka sifuri hadi moja. Kipimo changu, kinachoitwa Kipimo cha Mtowisa, kina nguzo saba, kwa hiyo kimekizidi chao kwa mbili. Tano nimezichukua kwao. Ya sita ni idadi ya vizuizi kati ya shamba na mpaka. Ya saba bado inatafutiwa mfadhili.

Sarafu moja sitaigusa. Itifaki yake ilisainiwa Kampala Novemba 2013, sarafu ikaahidiwa 2024, sasa wanasema 2031. Pale mpakani kwacha na shilingi zinapokelewa kwenye meza moja, na mama muuza chapati anabadilisha kichwani kwa kiwango cha siku ile, haraka kuliko benki.

Ombi langu kwa wakubwa ni moja. Mwakani mkienda Arusha kwenye vikao vya Jumuiya kusoma asilimia, mbebe pia bei ya mahindi ya Sumbawanga na ya Mbala, kwa kilo, wiki kwa wiki, na orodha ya vizuizi vya barabarani kuanzia hapa hadi Kasesya. Na yule mama mumtoe kwenye mstari wa makosa.

Maswali zaidi yaandikwe kwa barua, nakala tatu, yapitie kwa Mtendaji wa Kata. Muhuri ni shilingi elfu mbili.